Kabla hujanunua kitabu adimu cha uzamiaji, omba picha ya ukurasa wa hakimiliki

Kitabu cha kwanza nilichonunua kwa ajili ya mkusanyiko wangu kilinitia hasara, na hasara yenyewe niliitaka mwenyewe. Nilikuwa nikitafuta The Compleat Goggler cha Mmarekani Guy Gilpatric, kilichotoka mwaka 1938, ambamo mwandishi huyo, aliyewahi kuwa rubani, anasimulia jinsi alivyoziba matundu ya miwani yake ya urubani kwa puti na rangi, kisha akazama nayo katika bahari ya kusini mwa Ufaransa kuwinda samaki kwa mkuki. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliandika kuwa ni toleo la kwanza, nami nikalipa bila kuuliza neno. Kifurushi kilipofika Mombasa nilifungua ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu na unaotaja mwaka wa kuchapishwa, nikakuta 1957.

Tangu siku hiyo silipi kabla ya kutumiwa picha ya ukurasa huo, pamoja na picha ya jaketi la karatasi linalofunika jalada, likiwa limekunjuliwa lote hadi mikunjo yake ya ndani. Muuzaji anayekataa kupiga picha mbili amekwisha kukujibu. Jaketi lina uzito kuliko mgeni anavyodhani, kwa sababu watu wengi wa zamani walilitupa, na kitabu kilekile kikiwa nalo huweza kuuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya kile kilicho uchi. Kwa vitabu vya Marekani, tazama kona ya mkunjo wa mbele: ikiwa haina bei, na haionekani kukatwa kwa mkasi, huenda unashika toleo la klabu ya vitabu, yaani lililochapwa kwa ajili ya wanachama wa klabu hiyo, ambalo wakusanyaji hawalipiganii.

Jambo la pili lililonichukua muda kulikubali ni kwamba umaarufu na uadimu ni vitu viwili. The Silent World cha wazamiaji Wafaransa Jacques Cousteau na Frédéric Dumas, cha mwaka 1953, ndicho kila mtu anachokitaja, lakini kilichapishwa kwa wingi mno hata nakala ya kawaida haipaswi kukufilisi. Anayetaka kilicho adimu na arudi nyuma kidogo, kwenye kitabu cha Cousteau cha mwaka 1946, Par dix-huit mètres de fond, au kile cha Hans Hass cha mwaka 1939, Jagd unter Wasser mit Harpune und Kamera. Hass alikuwa kijana wa Vienna aliyekutana na Gilpatric baharini mwaka 1937, akashika mkuki, baadaye akashika kamera. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wachague kipindi kifupi, kama miaka ya 1930 hadi 1950, badala ya kununua kila chenye picha ya mzamiaji. Vitabu vya kipindi hicho huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na hukuonyesha uwindaji ukigeuka taratibu kuwa utazamaji. (Kwetu Kenya bunduki za mshale zilipigwa marufuku mwaka 2001, kwa hiyo baadhi ya kurasa hizo husomeka leo kama ungamo.)

Lugha isikutishe, ingawa hivyo viwili adimu ni vya Kifaransa na Kijerumani. Kijerumani changu ni cha kamusi, lakini picha na maelezo yake mafupi hunitosha.

Adui mkubwa wa mkusanyaji wa pwani ni unyevu. Msimu mmoja wa masika niliacha vitabu vinne kwenye rafu iliyogusana na ukuta wa nje. Nilipovitoa, kitambaa cha majalada kilikuwa na ukungu mweupe kama unga, na kurasa za picha, ambazo ni za karatasi ya kung'aa, zilikuwa zimeshikana. Usizivute, kwa sababu picha hubanduka pamoja na karatasi. Siku hizi rafu yangu iko mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, vitabu havibanwi, na sivifungi kwenye mifuko ya plastiki, ambayo huufungia unyevu ndani.

Nakala ya mwaka 1938 bado sijaipata kwa bei ninayoimudu. Ile ya 1957 imebaki kuwa ya kusomwa, na kwa kuwa sina la kuihofia, huwa naenda nayo ufukweni Nyali. Tayari ina mchanga kwenye mshono wa katikati.