Nchi kavu inanisukasuka

SWALI: Salaam aleikum, Bi Mkubwa. Mamangu ana miaka 72, anaugua njia ya mkojo. Daktari kamwandikia sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, siku 5. Tulipofika zahanati hapa Shela, muuguzi akakataa kumdunga mpaka apimwe uzito, na damu ipimwe figo. Ikabidi twende na mashua hadi mjini Lamu, siku nzima ikapotea. Hii ni haki?
Mwenye machungu, Shela

JIBU: Aleikum salaam, mwanangu. Pole kwa nauli, lakini muuguzi huyo mpelekee halua.

Dozi ya jentamaisini huhesabiwa kwa uzito wa mgonjwa, nayo dawa hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikichoka, na uzeeni huchoka, dawa hujikusanya ikaziharibu figo zenyewe na sikio la ndani, ambalo ndilo hutusikizisha na kutusimamisha tusiyumbe. Vinyweleo vya humo vikishakufa havioti tena.

Nayajua haya kwa kosa langu. Nilipokuwa muuguzi kijana alikuja nahodha mmoja mzee, nikamkisia uzito kwa jicho, kama tunavyokisia mzigo wa punda. Sikumuuliza anameza nini. Kumbe alikuwa na vidonge vya kutoa maji mwilini, ambavyo vikikutana na sindano hii hatari ya masikio huzidi. Siku ya sita akaniambia, "Mwanangu, nchi kavu inanisukasuka." Nikacheka, nikadhani mzaha wa mabaharia. Nikamdunga tena.

Mchana alijimudu. Usiku, umeme ukikatika, alipita vichochoroni akipapasa kuta kwa mikono miwili. Baharini hakurudi.

Kwa hiyo vidonge vyote vya mama, hata vya maumivu vya dukani, vitie mfukoni umwoneshe daktari. Mtajie na sindano yoyote iliyowahi kumvimbisha mama uso. Akianza kusikia mvumo masikioni, kizunguzungu, au mkojo ukipungua, sindano ya kesho ingoje kwanza. Daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Ila akiwa na homa kali, anatetemeka au anaweweseka, usikae nyumbani kungoja majibu ya damu. Mkimbize hospitali, huko daktari anaweza kuamua dozi ya kwanza itangulie, hesabu ya zinazofuata ije na majibu.

Lawama yangu mimi ni kwa aliyeandika cheti. Mzee wa miaka 72, na uzito haukuandikwa?