Shakespeare hakucheza kama mzimu

SWALI: Binti yangu wa kidato cha tatu anaandika wasifu wa William Shakespeare. Mahali pamoja amekuta "mwandishi wa michezo", pengine "mtunzi wa tamthilia", na pengine imeandikwa kwamba "alicheza pia kama mzimu katika Hamlet". Ashike lipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ashike "mtunzi wa tamthilia", mzazi mwenzangu, na hilo la mzimu alifute leo hii.

Tamthilia limetoka Kiarabu, ni ndugu wa mithili na methali: kitu kinachofananishwa na kingine. Mwandishi wa michezo ni mtu ninayemheshimu, nami humsoma kila asubuhi, lakini kazi yake ni Simba na Yanga, nani kaumia goti na nani kasajiliwa wapi. Ukipenda neno mchezo, sema mchezo wa kuigiza, usilikate mkia.

Na kwa nini mtunzi? Kwa sababu kutunga ni kazi ya mtu mwenye shanga na uzi. Habari za Julius Caesar, Shakespeare alizikuta kwa Plutarch, Mgiriki wa kale, ambaye Thomas North alikwisha kumtafsiri kwa Kiingereza mwaka 1579. Habari za wafalme wa Uingereza alizichota kwenye tarikhi ya Holinshed. Shanga zilikuwepo, uzi na mpangilio ni wake. Mwalimu Nyerere aliandika kwa mkono wake Mabepari wa Venisi (1969), na S. S. Mushi akaandika Makbeth (1968), lakini hao twawaita wafasiri. Mtunzi ni yule yule mmoja.

Sasa hilo "alicheza kama". Limenichosha miaka mingi, kwenye magazeti, redioni, mpaka kwenye majalada ya filamu. Kwa Kiswahili, "kama" ikifuata kucheza inalinganisha. Kijana yule anacheza kama Pelé: basi si Pelé. Bibi anacheza kama msichana: tuko ngomani, kiuno chepesi, na bado ni bibi. Nisomee tena basi: "Shakespeare alicheza kama mzimu." Ninachokiona ni mtu mzima wa Stratford, mji wa kwao, ngoma imekolea, anaselebuka miguu haigusi ardhi. Mwandishi hakukusudia hivyo, najua. Amechukua maneno ya Kiingereza moja moja akayavika kanzu ya Kiswahili, na kanzu haikuyakaa.

Tazama kilichopotea hapo. Nicholas Rowe, aliyeandika wasifu wa Shakespeare mwaka 1709, anasimulia kwamba kilele cha uigizaji wake kilikuwa mzimu wa mfalme aliyeuawa, anayemtokea mwanawe Hamlet usiku. Na Shakespeare alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, jina lake Hamnet, aliyezikwa Agosti 1596 akiwa na miaka 11. Baba aliyefiwa na mwana anasimama jukwaani kwa sauti ya baba aliyekufa, anamwita mwana. Halafu sisi tunamwandikia "alicheza kama"! Andika: "Aliigiza mzimu wa baba yake Hamlet." Au: "Nafasi ya mzimu aliishika mwenyewe." Hakuna neno lililopungua, na ngoma imenyamaza.

Kosa hilo hilo linazaa jingine baya zaidi: "wavulana walicheza kama wanawake". Enzi zile kwenye kumbi za London wanawake hawakuwa wakiigiza, kwa hiyo Juliet wa kwanza alikuwa mvulana. Sentensi hiyo ukiitoa kijiweni ni tusi. Wavulana waliigiza wanawake, basi.

Kuhusu tamthilia kugeuka jina la zile za runinga zenye sehemu mia na ushei, nimegombana nalo mpaka nimeacha. Nazo zinaigizwa, nazo zinafananisha, jina limezikaa. Binti akihofia kuchanganya, aseme "tamthilia ya jukwaani".

Jambo moja la mwisho, maana najua ataliandika. Kumbukumbu ya kanisa la Stratford inasema alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Siku aliyozaliwa haikuandikwa. Kwenye tarehe hiyo, aandike "alibatizwa", asiandike "alizaliwa".