Maswali na Majibu ya Falaki: Mwenzake Umemsahau

Barua za safari hii takriban zote zina kasoro moja. Muulizaji anaitaja nyota, anautaja uzito wake, kisha anataka aambiwe itakufaje. Mwenzake, yaani nyota ya pili inayozungukana nayo, hamtaji.

Nyota yenye uzito wa majua 20 huishia kuwa nini? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Mwanangu, hilo halijibiki mpaka useme nyota hiyo inaishi na nani. Mwaka 2012 Hugues Sana na wenzake walichapisha vipimo vya nyota 71 za aina ya O, zile nzito za buluu. Hesabu yao ilionesha kwamba zaidi ya 70% ya nyota za aina hiyo zitahamishiana gesi na mwenzake, na thuluthi ya hizo zitaungana ziwe nyota moja. Kitabu chako cha skuli kinasimulia maisha ya nyota iliyo pekee, yaani kinasimulia wachache.

Chukua nyota ya majua 20 na mwenzake wa majua 12, zinazungukana kwa siku 10. Ile nzito humaliza hidrojeni ya kitovuni mwanzo, ikaanza kufura. Ingekuwa peke yake ingefura mpaka iwe kubwa mara mamia kuliko Jua. Hapa haipati nafasi. Kila nyota ina eneo lake la mvutano, umbo la tone la maji, na matone hayo mawili yamegusana kwa ncha. Huo ndio mpaka wa Roche. Gesi ikiufikia hupita kwenye ncha na kumwagikia upande wa pili.

Sasa shika kalamu. Zidisha uzito wa nyota zote mbili: 20 kwa 12 ni 240. Gesi ikishahama, zidisha upya. Gawa 240 kwa jawabu jipya, kisha zidisha ulichopata kwa chenyewe: hiyo ndiyo mara ngapi umbali umebadilika. Zikifika 16 kwa 16 unapata 256, na umbali umepungua kiasi cha 12%. Mzunguko sasa ni siku 8.2. Hapo ndipo pa hatari, maana zinakaribiana huku gesi ikimiminika. Zikivuka hapo zikafika 6 kwa 26, jawabu ni 156, na umbali umekua mara 2.4, mzunguko ni siku 36. Hesabu hii inataka njia iliyo duara na gesi isiyomwagika nje hata chembe. Kwa kweli humwagika, kwa sababu anayepokea husokotwa akazunguka kasi mpaka hawezi kubeba zaidi. Basi itumie kujua mwelekeo, usiifanye msahafu.

Iliyobaki na majua 6 ni kitovu kitupu cha heli. Kikilipuka, hutaona hidrojeni katika mwanga wake, tofauti na mlipuko wa nyota iliyokufa na gesi yake yote. Je, wawili hawa wataachana? Kanuni ni hii: njia ikiwa duara, na mlipuko ukatupa zaidi ya nusu ya uzito wa wote wawili kwa pamoja, basi wameachana. Hapa linatupwa jua 4.6 katika 32, halifiki hata robo. Lakini yale majua 1.4 yanayobaki, yaani nyota ya nyutroni, kiini kidogo kilichoshindiliwa mno, huzaliwa na teke, kwa kuwa mlipuko hauko sawa pande zote, na teke hilo hufika mamia ya kilomita kwa sekunde. Teke ndilo linalovunja nyumba nyingi. Zinazosalimika huwa kama Vela X-1, nyota ya nyutroni inayomzunguka mwenzake mzito kwa karibu siku 9, ikila upepo wake na kutoa eksirei.

Jua litakuja kuwa shimo jeusi? (Watano, sehemu mbalimbali)

Hapana. Ni jepesi, na halina mwenzake. Nimeshalijibu, lisirudi.

Nyota yangu Mashuke, ya mchumba wangu Ng'ombe. Zinapatana? (Bibie, Mkokotoni)

Bibie, hapa ni falaki, ramli ina wenyewe. Muulize mchumba. Ila kwa kuwa umeitaja Mashuke: ile nyota yake ing'aayo, Spica, ni mbili. Moja ina majua kama 11, ya pili kama 7, na zinazungukana kwa siku 4. Hakuna darubini ya nyumbani itakayozitenganisha, asikudanganye mtu.

Huku Micheweni giza lipo. Ipo nyota ya namna hii ninayoweza kuifuatilia kwa macho tu?

Ipo, na nashangaa mnavyokimbilia picha za simu. Mwanzoni mwa Septemba, saa mbili usiku, tazama kaskazini. Nyota kali iliyo katikati ya upeo na utosi ni Vega. Juu yake kidogo kuna mbili zilizokaribiana: ya kulia Sulafat, ya kushoto Sheliak. Sulafat haibadiliki. Sheliak, ambayo ndiyo jozi yenyewe, hulingana nayo inapokuwa kali, kisha hufifia mpaka mwanga wake ubaki chini ya nusu, na kurudi, kwa muda wa siku 12.9.

Zoesha macho gizani dakika 20, kisha andika kila usiku: sawa na Sulafat, dhaifu kidogo, au dhaifu sana. Endelea kwa usiku 26 upate mizunguko miwili. Utaona mififio miwili katika kila mzunguko, mmoja mzito na mmoja mwepesi. Watu hukosea kwa kuilinganisha na Vega, ambayo ni kali mno, au kwa kupima wingu jembamba likipita. Usiku wa mbalamwezi andika, lakini weka alama.

John Goodricke aliligundua badiliko hili mwaka 1784, kwa macho. Na kile mnachokiona ndicho nilichomhesabia mwanafunzi wa Chake Chake: anayetoa amebaki na majua kama 3, anayepokea ana kama 13 na amejifunika sahani nene ya gesi. Wameshavuka pale pa kulingana, kwa hiyo wanaachana mbali, na mzunguko wao unarefuka kwa sekunde 19 hivi kila mwaka.

Na zikigusana kabisa? (Kizimkazi)

Zipo. VFTS 352, katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, ni nyota mbili zenye jumla ya majua kama 57, zinazungukana kwa zaidi kidogo ya siku moja, na gesi ya juu wanachangia. Ama zitaungana, ama zitakoroga matumbo yao vizuri kiasi cha kutofura, na kuishia mashimo meusi mawili.

Ni kweli bangili zangu zimetoka kwenye nyota zilizogongana? (Mama wa Wete)

Kwa sehemu, mama. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zikigongana, umbali wa miaka ya nuru milioni 130, sekunde 1.7 baadaye ukaja mmweko wa miali ya gama. Kilichosomwa wazi katika mwanga wake ni strontiamu, kimoja cha vitu vizito. Dhahabu imekadiriwa kutokana na jumla ya vitu vizito. Anayekwambia "dhahabu yote" anaongeza chumvi.

Kufika hapo, nyota mbili za nyutroni zikae pamoja, ni shida. Rudi kwenye hesabu ya mwanafunzi wa Chake Chake: yule wa majua 26 naye hufura, akaimeza nyota ya nyutroni ndani ya gesi yake. Ikiogelea humo huzama kuelekea kitovuni, na mzunguko hushuka kutoka miezi hadi saa. Gesi isipotupwa nje kwa wakati, inazama moja kwa moja na hadithi imekwisha. Ikitupwa, bado kuna mlipuko wa pili na teke la pili. Waliovuka yote hayo ni kama jozi ya nyota za nyutroni waliyoigundua wanafalaki Hulse na Taylor 1974: mzunguko wa saa 7 na dakika 45, na zitagongana baada ya miaka kama milioni 300.

Ninunue darubini gani nione gesi ikipita? (Jambiani)

Hakuna. Nunua ya macho mawili, 10 kwa 50, yaani inayokuza mara 10 na kioo cha mbele cha milimita 50, na ukiiweka ufukweni ifungie ndani ya kopo pamoja na pakiti za kunyonya unyevu. Zile za plastiki zilizoandikwa "mara 675" ziache dukani.