Dembo halionekani mwezi wa Septemba

SWALI: Jambo, baba. Niko katika komiti ya kijiji kimoja upande wa Kipushi, nje ya Lubumbashi. Kila juma watu wanakuja kupima viwanja. Tunataka kuandika pori gani limebaki kabla halijagawanywa lote. Nasikia Marekani kuna wilaya zilizofanya hivyo. Sisi ni watu sita, hatuna pesa. Tuanzie wapi? – Mama wa komiti

JIBU: Jambo, mama. Umesikia vizuri. Jimbo la Illinois lilifanya kazi hiyo kati ya 1975 na 1978, katika kaunti zake zote 102. Walianza mezani: walitazama ramani na picha zilizopigwa toka angani, wakafuta kila palipolimwa au kujengwa. Kisha wakapita juu kwa ndege ndogo. Miguu ilikuja mwisho, na kila mahali pakapewa daraja, A hadi E, kadiri palivyoharibiwa. Pori lililokuwa bado zuri lilikuwa asilimia 0.07 tu ya jimbo.

Ndege hamna, lakini picha za setilaiti zimo ndani ya simu ya kijana yeyote. Futeni mashamba, nyumba na matanuru ya makala (mkaa). Panapobaki, mwende.

Ila mwende mara mbili. Septemba dembo, yaani bonde la nyasi linalojaa maji wakati wa mvua, ni uwanja mtupu, udongo mweusi uliopasuka, na muuzaji atakuonyesha jinsi palivyonyooka, bila hata kisiki. Nilivuka moja mwezi huo na viatu vya ngozi. Niliporudi Februari maji yalinipita vifundo. Mpaka wa dembo upimeni kwa maji ya Februari, si kwa nyasi za kiangazi. Kikanda mnachonunua sokoni, kile cha viazi vya okidi, hutoka humo.

Jambo la pili ni kosa langu mwenyewe. Kulikuwa na kilima chenye upara, miti ya miombo imesimama pembeni kama inaogopa kuingia. Nikaandika "tupu". Mzee niliyekuwa naye akacheka, akainama, akaninyooshea kijani kidogo chenye maua ya zambarau: ua la shaba, wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Udongo ule una shaba nyingi mno kwa miti, na baadhi ya mimea inayouvumilia haipatikani popote duniani ila huku kwetu. Ua hilo huota hata pale mababu walipoyeyushia shaba. Basi upara msiufute kabla hamjapiga magoti.

Kwa miti, waulizeni akina mama wanaookota masuku, matunda ya porini, na vinkubala, viwavi vya kula. Watawaambia mti gani ulikatwa mwaka gani, na nani aliukata. (Hilo la mwisho msiliandike.)

Ramani ikiisha toeni nakala tatu: ya shefu, ya kadastra (ofisi ya vipimo vya ardhi), na moja ibaki nyumbani kwako, mama. Ile ya kadastra, dai muhuri wa kupokelewa.