Muulize Fundi: Nyumba ya zamani inataka vyumba vipya

Fundi, shikamoo. Tunaishi katika nyumba aliyoijenga babu yake mume wangu: kuta nene za mawe na udongo, lipu ya chokaa. Watoto wamekua, tunataka kuongeza vyumba viwili upande wa nyuma. Mkandarasi anasema tutumie tofali za sementi, nondo zichomekwe kwenye ukuta wa zamani ili vishikane, kisha nyumba nzima ipigwe lipu ya sementi ifanane. Mimi napenda udongo na chokaa kama alivyojenga babu. Ananiambia narudi nyuma. Nani yuko sahihi?
*Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu. Wewe uko sahihi, ingawa mkandarasi wako hakudanganyi kwa makusudi. Anasema alichofundishwa, na mimi nilifundishwa hivyohivyo. Nikiwa kijana nilibandua chokaa yote kwenye ukuta wa udongo, nikaupiga sementi ukawa laini kama kioo. Mwenye nyumba alinisifu. Misimu michache ya mvua ikapita, akaniita: lipu imetuna. Nilipoigonga kwa mpini wa nyundo ikalia kama ngoma. Nikabandua kipande cha ukubwa wa mlango, na nyuma yake udongo ulikuwa umelowa kiasi kwamba nilibonyeza kidole gumba kikazama hadi kiungo cha kwanza. Tandu wawili wakatoka wakanipita miguuni.

Sababu yake ni hii. Ukuta wa udongo hunywa maji kidogo kutoka ardhini na hewani, kisha huyatoa kupitia usoni mwake. Chokaa huyapa njia. Sementi huyafungia ndani, na ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji ya mvua huingia yasipate pa kutokea. Kwa hiyo hata mkiamua kujenga vyumba vipya kwa nyenzo nyingine, sementi isiguse kuta za babu.

Sasa hizo nondo. Nyumba yenu imeshakaa juu ya msingi wake miaka yote hiyo, lakini vyumba vipya vitashuka kidogo, hasa mwaka wa kwanza. Ukivifunga pamoja, kipya kitavuta cha zamani na ufa utatafuta mahali dhaifu. Vijisimamie vyenyewe kwenye kona zake, na kati yake na nyumba mwache mwanya wa sentimita moja au mbili, juu hadi chini. Jazeni manyoya ya kondoo au katani, kisha mfunike kwa ubao uliopigiliwa misumari upande mmoja tu. Narudia, mmoja tu! Nimeona fundi akipigilia pande zote mbili. Ubao ukapasuka katikati, akalaumu mbao.

Msingi uwe wa mawe, uinuke kama sentimita 40 juu ya ardhi ndipo matofali ya udongo yaanze, na paa litoke nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi. Kando ya ukuta wa zamani msichimbe chini kuliko msingi wake. Ikibidi, mwiteni mhandisi kwanza, na mchimbe vipande vifupi vya mita moja moja, mjenge kimoja kabla ya kufungua kinachofuata.

Mlango wa kuingilia vyumba vipya ndio unaoniumiza kichwa kila mara, maana watu hupenda kutoboa popote. Tafuteni dirisha la upande wa nyuma. Ng'oeni fremu, mshushe ukuta wa chini yake hadi sakafuni, bila kupanua upana hata kidole kimoja. Juu ya dirisha tayari kuna boriti iliyobeba mzigo tangu enzi za babu. Lakini kabla ya yote ichomeni kwa ncha ya kisu: ikizama kama kwenye sabuni, boriti imeliwa, na ibadilishwe kabla hamjagusa kitu kingine. Kateni kwa tindo na nyundo, taratibu, bila mashine ya kutetemesha.

Udongo utakaotoka hapo msiutupe. Upondeni, mloweke siku mbili tatu, mkanyage na nyasi kavu, unarudi kuwa tofali. Mawe yaende msingini. Mwambie mkandarasi ajaribu hivyo na tofali la sementi.

Na akisema tena mnarudi nyuma, mkumbushe kwamba sementi ya Portland ilisajiliwa na Joseph Aspdin huko Uingereza mwaka 1824. Kabla yake watu walikuwa wamejenga kwa udongo na chokaa maelfu ya miaka. Ila na wewe usijidanganye kuhusu matunzo. Msikiti Mkuu wa Djenné nchini Mali, uliojengwa upya kwa udongo mwaka 1907, umesimama hadi leo kwa sababu wenyeji huukandika upya kila mwaka. Ninyi mna paa refu na lipu ya chokaa, hivyo hamtahitaji kufanya kazi kubwa hivyo, lakini kila baada ya mvua kubwa zungukeni nyumba mkiwa na mwiko.

Fundi, nitajuaje kama udongo wa uwanjani kwangu unafaa kwa matofali?
*Mwenye Jembe*

Ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi. Pua yenyewe itakwambia, unanuka kuoza. Chukua wa chini yake, chambua changarawe, lowesha kidogo, uviringishe uwe kama mpini wenye unene wa sentimita 3. Usukume polepole ukining'inia ukingoni mwa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ukipita 15 bila kukatika, mfinyanzi umezidi na matofali yatapasuka yakikauka: ongeza mchanga. Kati ya hapo, fyatua matofali matano ya majaribio, uyakaushe kivulini kama mwezi mmoja, kisha angusha moja kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande viwili vitatu, endelea. Likisambaratika, rudi mezani.

Lipu yangu ya chokaa imejaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Nimekosea wapi?
*Msomaji*

Umeikausha haraka. Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Hukomaa kwa kuvuta polepole hewa ya ukaa, na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo. Safari nyingine lowesha ukuta kwanza, changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, kila tabaka lisizidi sentimita 1, na ning'iniza magunia mabichi mbele yake wiki nzima. Linda macho, chokaa inaunguza. Kwa hii uliyonayo, igonge kwa mpini wa nyundo. Ikilia imara, nyunyizia maji upake chokaa nyepesi tabaka tatu nne, nyufa zitajaa. Ikilia kama ngoma, bandua.