Lethi ya kwanza ya kukerezea kalamu za wino: uliza tundu kwanza

SWALI: Habari za kazi. Mi nipo Arusha, ni fundi umeme ila nikirudi nyumbani akili yote iko kwenye kalamu za wino, zile za nibu (ncha ya chuma ya kuandikia), nimeshazoea kuzifungua na kuzirekebisha na sasa nataka nikereze ya kwangu kuanzia rodi mpaka kofia. Kuna karakana inauza lethi kubwa kuukuu waliyokuwa wanakerezea shafti, wameshusha bei sana. Afu kuna zile ndogo za mezani za Kichina. Na jamaa yangu seremala anasema nisihangaike, lethi yake ya mbao inatosha. Nianze na ipi?
Mpenda nibu, Arusha

JIBU: Ndugu yangu, swali lako limenifurahisha mana hapa ndo watu wanapopotezea hela. Wengi wanauliza mota ina nguvu kiasi gani wakati kalamu sio shafti ya lori. Rodi za kalamu huwa za ebonaiti au akriliki: ebonaiti ni raba iliyopikwa na salfa mpaka ikawa ngumu (ukiikata utasikia harufu yake), akriliki ni plastiki, zote zinakatika vizuri tu kama kisu kina makali. We uliza kwanza tundu la spindo, yaani ule mhimili unaozungusha rodi, lina milimita ngapi.

Rodi nyingi za kalamu zina unene wa milimita 13 mpaka 16 hivi. Ikipita ndani ya spindo unaibana ikiwa imechomoza kidogo tu, inatulia, unatoboa na kukata thredi (meno ya skrubu) bila kutetemeka. Isipopita inabidi ukate vipande, na kila kipande kinabaki kimening'inia nje ya chaki (kile kibano cha mbele ya spindo) kinacheza. Sherline ya Marekani ni mashine nzuri sana, ila tundu lake ni milimita 10 na kidogo, na Proxxon PD 250 ya Ujerumani ni 10.5. Wapo wanaotengeneza kalamu safi kwenye hizo, ila wanaishi kwa kukatakata rodi. Zile za Kichina zinazoitwa 7x12 na 7x14, hizo namba ni inchi, ya pili ni urefu, ukoo mmoja na Sieg C3 ya Shanghai hata zikipakwa rangi gani, tundu lake ni kama milimita 20. Ningekuwa wewe ningechukua 7x14, mana ukishafunga chaki mbele na biti ya drili nyuma, kwenye fupi unabanana.

Sasa sikiliza hapa mana mi mwenyewe hapa niliumia. Kubana rodi ya kalamu vizuri unatumia koleti (pete ya chuma inayobana rodi pande zote), sio chaki ya taya tatu, taya zinaacha alama na hazishiki katikati sawasawa. Koleti za saizi ya ER32 zinafika milimita 20, zinatosha. Lakini kishikio chake kinauzwa kwa namna mbili, kuna chenye mkia unaoingia ndani ya spindo na kuvutwa na bolti ndefu kwa nyuma, na kuna cha sahani kinachofungwa kwa bolti pale inapokaa chaki. Mi nilichukua cha mkia kwa sababu ni rahisi, nikafunga, nikaleta rodi yangu ya ebonaiti, haipiti, ile bolti imeziba tundu lote nililokuwa nimelilipia. Chukua cha sahani.

Cha pili ni kichwa cha nyuma, kile kinachoshika drili. Kikiwa kimepinda hata kidogo, tundu la ndani linakaa upande na kuta za kalamu ni nyembamba mno kusamehe hilo, unakuta upande mmoja una milimita moja na mwingine nusu, siku ukikaza kofia inapasuka. Kupima ni hivi, weka senta yenye ncha kwenye spindo na nyingine nyuma, zisogeze zikaribiane, katikati shikisha rula nyembamba ya chuma. Ikisimama wima ziko sawa, ikilala upande wowote kuna kazi ya kurekebisha. Kwenye hizi ndogo inarekebishika, usikatae mashine kwa sababu hiyo tu.

Ile lethi kubwa sikukatazi, ikiwa nzima inakereza kalamu bila shida, ila nyingi ni za fezi tatu (we fundi umeme, ukifunga invata unaiendesha kwa fezi moja) na kitanda chake (reli anakotembea kisu) huwa kimeliwa zaidi karibu na chaki, yaani pale pale kalamu inapokatiwa. Ya seremala naielewa, kalamu za kuunga zenye bomba la shaba ndani zinatoka vizuri tu kwenye lethi ya mbao. Ila wewe unataka yote uikate mwenyewe, na kabla ya kupitisha dai (kifaa cha kukatia thredi za nje) unahitaji kufikisha kipimo kamili, hicho kinakuja kwa kuzungusha hendeli yenye namba, sio kwa mkono na jicho.

Hela nyingine iweke kwenye tepu (ya kukatia thredi za ndani) na dai. Thredi ya kofia kwa kawaida ni ya njia tatu (mistari mitatu ya meno inayoenda sambamba), mfano M13x0.8, yaani unene milimita 13 na meno kila milimita 0.8, kila mzunguko inasogea milimita 2.4 ndo mana kofia nzuri inafunguka kwa mzunguko mmoja na kitu. Hizo hazipo dukani kwa kawaida, zinaagizwa, na ni ghali, usije ukamaliza bajeti yote kwenye mashine. Unazikata kwa kuzungusha spindo kwa mkono, mota imezimwa. Nibu za JoWo namba 6 zinataka tepu ya M7.4x0.5, za Bock ni tofauti na haziingiliani, kwahiyo chagua kampuni moja uanze nayo.

Ukienda kuiona mashine beba rula ya chuma, senta mbili na kipande cha rodi ya milimita 16, kipitishe mwenyewe kwenye tundu mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela.