Kota ya jibini ni kitu gani, na nani anakula hela yake?

SWALI: Habari za kazi kaka, mimi natengeneza jibini kidogo kidogo huku Kisasa Dodoma nauzia mahoteli, sasa shemeji yangu yuko Kanada ananiambia kule jibini ya Ulaya ina kota, ikizidi ushuru unakuwa mkubwa kuliko hata mzigo wenyewe. Ni kweli au ananipiga kamba? Na nani anafaidika? – Mama Jibini

JIBU: Mama Jibini, shemeji hajadanganya. Kota ni kiasi cha mzigo kinachoruhusiwa kuingia bila ule ushuru mkubwa. Kanada ushuru wa jibini iliyozidi kota ni kama asilimia 245, yaani mzigo wa milioni moja unadaiwa milioni mbili na laki nne na ushee, nani atalipa hiyo? Kwa hiyo kota ikiisha biashara imeisha. Walipokubaliana na Umoja wa Ulaya, mkataba ukaanza kutumika Septemba 2017, wakafungua mlango taratibu mpaka tani 17,700 kwa mwaka bila ushuru, zaidi ya hapo unarudi kwenye ile 245.

Sasa utamu uko kwenye kibali, yaani ruhusa ya kuingiza jibini ndani ya kota. Mwenye kibali ananunua kwa bei ya Ulaya anauza kwa bei ya Kanada ambayo iko juu kwa sababu mzigo wa nje umebanwa, hiyo tofauti ni yake, mkulima wa Ufaransa haioni na mlaji ndo kabisa. Na unajua nusu ya vibali vile walipewa akina nani? Watengeneza jibini wa Kanada wenyewe! Wale wale waliokuwa wanaogopa ushindani, mi nilicheka kweli.

Halafu kota inahesabu kilo, haihesabu thamani. Ukipewa kilo elfu moja tu utajaza jibini ya bei chee? Thubutu, unabeba ya bei mbaya kilo ikulipe, ndo maana kota inasukuma jibini ya kifahari ivuke na ile ya kawaida inabaki kwao.

Waingereza waliionja hiyo kota, walitoka Umoja wa Ulaya, na mwisho wa 2023 wakatolewa kwenye fungu la Ulaya la kule Kanada, jibini ile ile, wateja wale wale, mlango umebanwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki maziwa tunayalinda kwa ushuru, asilimia 60 kwa yanayotoka nje ya jumuiya, hapo kinachobana ni ushuru, siyo kota. Wewe ukija kupata mteja Kanada, muulize kwanza kama kibali anacho na kimebaki kilo ngapi, ndo uagize maziwa.